Kitambaa Juu ya Sikio

Kitambaa kilichofunika Sikio kilifumwa na mama yangu kwa uzi mweupe, na kwa sheria ya nchi kilikuwa na kazi yake. Kikiwa kimelala juu ya kile kidude cha kusikilizia na kupima sauti, mimi na rubani tulikuwa tunasalimiana tu. Kikiondolewa, kila neno lilikuwa tamko.

Waliotunga sheria hiyo walibishana sana juu ya jambo hili. Wataalamu walitaka Sikio lianze kusikiliza tangu rubani anapopiga hodi. Wabunge wetu, watu wazima na akili zao, wakauliza mtu ataulizwaje magonjwa ya baba yake kabla hajaulizwa habari za nyumbani. Basi ukawekwa muda wa salamu, mwisho wake hawakuutaja, na kila daktari wa marubani akatafuta cha kufunikia. Wengine hutumia leso. Nimeifanya kazi hii mpaka nimezeeka nayo, na karibu ukweli wote niliowahi kuusikia ulisemwa kitambaa kikiwa juu.

Asubuhi ile nilikuwa nimechoka, sina namna nyingine ya kulisema. Nilikuwa nimemzika mama mwezi uliopita, nikarudi kazini kabla ya arobaini yake kwa sababu daktari mwenzangu aliacha kazi akaenda kufuga kuku, na simlaumu. Marubani walikuwa wamejaa kwenye mabenchi ya nje, na kazi yangu ilikuwa kumuuliza kila mmoja wazee wake walikufa kwa ugonjwa gani. Jaribu kuuliza swali hilo kuanzia asubuhi mpaka jua la mchana, ukiwa na maiti yako mwenyewe kichwani.

"Hodi humu! Au Mzaramo bado kalala?"

"Pita, mpagazi. Mzigo uache nje."

Rubani Nyamizi Mihayo aliingia kofia mkononi. Ni mwanamke mwembamba, kavuka hamsini, anatembea akiegemea upande kidogo kwa sababu ya mgongo, maradhi ya marubani wote wa vipanga. Kipanga ndiyo ile ndege inayopaa wima na kubeba abiria thelathini kutoka Tabora kwenda Mpanda na Kigoma, juu ya misitu ambamo barabara zilishaliwa na mafuriko. Rubani wake ni mmoja tu. Mashine humsaidia, lakini haimnyang'anyi usukani. Rubani akinyamaza, nayo hungoja amri. Tuliwahi kuiachia mashine iamue yenyewe, na yaliyotokea yalitosha.

Mimi na Nyamizi tulikulia mtaa mmoja, Isevya. Yeye binti wa dereva wa basi, mimi mtoto wa mama wa vitumbua. Wao Wanyamwezi wa hapohapo, sisi Wazaramo tulioletwa na kazi ya reli. Watani, kwa hiyo hakuna siku tumeongea kwa adabu.

Siku hiyo, hata hivyo, alikaa kwanza, akaiweka kofia magotini.

"Pole na msiba, Kondo."

"Nimeshapoa."

"Nilikuwa zamu Kigoma siku ya mazishi. Nilitaka nije nimtukane mama yako mbele ya kaburi lake, kama alivyomtukana baba yangu."

"Wenzio walikuja kukusaidia."

"Nimesikia. Wanasema Kasubi wetu aliwavunja mbavu." Akanitazama. "Mimi nadai chuma chake cha vitumbua. Mtani hazikwi bure."

"Utakichukua. Hapa nani anajua kupika."

Nilicheka kidogo. Kupitia kioo cha mlango nilimwona kijana wake, Luhende, amekaa kwenye benchi na hotipoti mapajani. Ni mtoto wa marehemu kaka yake, lakini Nyamizi ndiye aliyemlea tangu yuko mgongoni. Kwenye kola alikuwa na beji ya rubani mwanafunzi, ina kitaa cha bluu kinachowaka muda wote. Ijumaa angerusha kipanga chenye abiria kwa mara ya kwanza. Alikuwa amemletea shangazi yake chapati na mchuzi ili wale pamoja akimaliza kwangu.

*

Mtu asiyetoka kwetu hushangaa akiona mtani msibani. Wenye msiba wanalia, yeye amevaa nguo za marehemu, anatembea alivyotembea marehemu, anakohoa alivyokohoa, na pengine anajilaza kaburini na kusema maiti asubiri zamu. Hakuna ruhusa ya kumkasirikia. Na kesho yake hakuna ruhusa ya kumshika mtu kwa maneno yaliyosemwa pale. Ya utani huishia makaburini.

Mama yangu, Bi Sikudhani, alikuwa hodari wa kazi hiyo kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona. Mzee Mihayo alipokufa, alikufa vibaya: basi lake lilikuwa limebeba watu wa harusi, likaacha daraja mchana kweupe, likaingia mtoni. Basi zima lilinuka pombe ya harusi, na askari hawakuhitaji zaidi ya hapo. Siku ya mazishi mama akavaa koti la udereva la marehemu, akamwigiza kama alivyokuwa akimwona kila alfajiri kwenye banda lake la chai. Alikinyanyua kikombe, kikafika nusu ya njia, kikasimama. Macho wazi, hayatazami kitu. Mdomo ukaanza kutafuna hewa. Mkono wa kulia ukakamata kifungo cha shati, ukawa unakidonoa, unakidonoa. Halafu akashtuka, akaangaza huku na huku, akauliza, "Tumefika?" na akaondoka akipepesuka.

Watu walicheka mpaka wakakaa chini. "Ndiye huyo," wakasema, "mlevi wetu." Nami nilikuwa mtoto, nikacheka nao. Tangu siku hiyo Mzee Mihayo akawa mlevi, na Nyamizi akawa mtoto wa mlevi.

Sasa mwezi uliopita, tukiwa tumekaa mkekani, Kasubi fundi baiskeli akajitokeza amevaa kanga ya mama. Kwa kumuaga mwigizaji alichagua igizo lake lililovuma kuliko yote: akamwigiza Sikudhani anayemwigiza Mihayo. Kikombe. Mdomo. Kifungo. "Tumefika?" Wafiwa wakacheka huku machozi yanatoka, na dada yangu akanilalia begani kwa kicheko. Mimi nilikuwa nimekauka. Nilikuwa nimeona kile kitu kwa macho ya kazi yangu kwa mara ya kwanza, na kilikuwa kitu ninachokifundisha chuoni.

Kuna kifafa kisichoangusha. Umeme wa ubongo unapotea njia kwenye kona moja tu, na mtu anabaki amesimama, macho wazi, hayupo. Anatafuna, anachezea nguo. Akirudi hajui alikwenda wapi, ulimi mzito, miguu haimtii, na asiyejua atasema kalewa. Mara nyingine kinatembea katika damu, baba hadi mtoto, na mwenye kifafa cha namna hiyo kwa kawaida hujulikana kabla hajafika arobaini. Mama hakujua anachokiigiza. Aliigiza alichokiona bila kuongeza wala kupunguza, na sisi tukaongeza pombe.

*

Niliondoa kitambaa. Kitaa cha Sikio kikawaka cheupe.

Nikampima Nyamizi macho, masikio, moyo na ule mgongo wake. Damu sikuchukua, hata sindano ya kuchukulia sina. Vijana hawajui, lakini zamani damu ilisomwa kama gazeti. Waajiri waliisoma, bima waliisoma, shule ziliisoma, mpaka watoto wazima kabisa wakanyimwa nafasi kwa magonjwa ambayo hawajaugua na pengine wasingeugua. Watu wakachoka, wakaingia barabarani, na sheria ikaandikwa kwa maneno machache: damu haisomwi. Kilichobaki ni mdomo. Na kwa kuwa mdomo ndio uliobaki, wakaupa uzito wote. Ukitaja ugonjwa wa mzazi wako mbele ya Sikio, tamko lako linawafikia hapohapo ndugu zako wote wa damu wanaobeba abiria.

"Baba mzazi," likasema Sikio.

"Amefariki. Ajali ya gari," akasema Nyamizi. "Alikuwa mlevi."

Alilisema kwa sauti ileile ya kila mwaka, akitazama ukutani. Najua sauti hiyo imemgharimu nini. Huyu mwanamke hajawahi kuonja pombe, hata togwa haigusi. Harusini hukaa nje na watoto. Alipoomba kazi ya urubani, walimnusa mdomo mara nyingi kuliko wenzake wote, naye akakubali kunuswa.

Sikio hupima pumzi na mtetemo wa sauti. Kitaa kikageuka kijani. "Hakuna mashaka," likasema, na kweli mashaka hayakuwepo. Alikuwa ametoa tamko la uongo kwa moyo mweupe kabisa.

Kilichobaki ni mimi kubonyeza Sikio kwa kidole kuthibitisha, yeye aondoke. Nilikiangalia kidole changu. Kwa sheria, mimi nisiye wa damu yao siwezi kumtajia baba yake ugonjwa. Nikisema mimi, Sikio halipokei. Nyamizi mwenyewe hana cha kupoteza, ameshavuka arobaini zamani. Anayepoteza ni Luhende. Tamko la kifafa cha babu lingemshusha chini mpaka afike arobaini, na hana njia ya kujitetea, kwa sababu njia ya kujitetea ni damu, na damu haisomwi. Pengine hana lolote. Mtoto wa mgonjwa si lazima awe mgonjwa.

Ila nikimwambia Nyamizi, nimeshamharibia. Leo hajui, kwa hiyo hana kosa. Akishajua halafu akanyamaza, kitaa kitamuumbua, na kusema uongo mbele ya Sikio ni kifungo. Ningemwekea mkononi kitu ambacho hana mahali pa kukitua. Na nisipomwambia, Ijumaa watu thelathini watafunga mikanda nyuma ya kijana ambaye hakuna anayejua kama anacho.

Nilitamani sana kubonyeza. Nilitamani chai yangu, nilitamani mgonjwa mwingine mwenye sukari ya kawaida, nilitamani mama awe hai nimlaumu. Niliogopa pia, naomba hilo lieleweke.

Nikakirudisha kitambaa juu ya Sikio.

"Unafanya nini?" akauliza Nyamizi.

"Sijakusalimia vizuri."

*

"Kondo, mimi nina safari saa nane."

"Habari za baba yako?"

Alinitazama kama mtu anayesubiri mwisho wa mzaha. "Baba yangu yuko kaburini. Wewe mwenyewe ulimwaga udongo."

"Uliwahi kumnusa akinuka pombe?"

"Nilikuwa mtoto."

"Mtoto ana pua."

Alifikiri. Naapa alifikiri kwa dhati, kwa sababu ni mtu wa kazi, ukimuuliza swali hutafuta jibu. "Alinuka sabuni ya kufulia," akasema. "Na mafuta ya gari." Halafu akakasirika. "Haya yanatoka wapi?"

"Yanatoka kwa mama yangu. Hakumwigiza mlevi siku ile, Nyamizi."

"Ya utani hayaletwi mezani. Hilo unalijua kuliko mimi."

"Nalijua."

"Basi lirudishe ulikolitoa."

"Nimejaribu mwezi mzima. Halirudi."

Alisimama, akaishika kofia, akaenda mpaka mlangoni. Nilidhani ameondoka, na nilishusha pumzi, Mungu anisamehe. Lakini alisimama pale akimtazama Luhende kupitia kioo, kisha akarudi kukaa.

"Sema. Lakini sema Kiswahili cha watu, usiniletee cha hospitali."

Nilisema. Nilieleza vibaya, nikarudia, nikachanganya umeme na ubongo na basi. Akawa anatikisa kichwa. Mwishowe akaninyamazisha kwa mkono.

"Niigizie," alisema.

"Nani, mimi?"

"Mimi sikuona. Shangazi alinifunika kwa kanga yake yote siku ile, nikawa nasikia watu wanacheka tu. Maisha yangu yote watu wananisimulia, na mimi sijawahi kuona." Akavuta kiti nyuma kunipa nafasi. "Mama yako aliwaonyesha mtaa mzima. Mwanawe anionyeshe mimi mmoja."

Mimi ni mtu mzima mwenye magoti mabovu. Nilisimama katikati ya chumba changu cha kazi, koti jeupe mwilini, nikakinyanyua kikombe cha chai iliyopoa. Kikafika nusu ya njia, nikakisimamisha. Nikayaacha macho yaende. Nikatafuna hewa. Nikakishika kifungo cha koti kwa mkono wa kulia, nikakidonoa, nikakidonoa. Nilimwona mama yangu waziwazi wakati ule, na chini yake nikamwona Mzee Mihayo alfajiri bandani, amepotea, na chai inamwagika kwenye viatu vyake. Nikashtuka. "Tumefika?" nikauliza.

Nyamizi hakucheka.

"Hicho kifungo," alisema. "Rudia."

Nikarudia.

"Kwa mkono huohuo?"

"Mama alitumia huu."

Aliiweka kofia juu ya meza, taratibu, akaisukuma mbali naye.

"Luhende," alisema. "Tukiwa tunakula. Tonge liko mkononi, ameganda. Anachezea kifungo namna hiyo. Mimi humwambia, mchumba gani huyo unamuota mchana? Tunacheka nyumba nzima. Mpaka jina tumempa, Mwotaji."

Nilikaa.

"Kaka yangu alikuwa anajua kuogelea, Kondo," akasema. "Alinifundisha yeye."

Kaka yake, baba yake Luhende, alizama bwawani kijana kabisa, watu wengine wakiwa ufukweni wanaosha baiskeli. Mtaani walisema ni pombe. Mtoto wa nyoka ni nyoka, walisema, na hakuna aliyeuliza zaidi.

*

"Kina dawa," nilimwambia baadaye. "Dawa nzuri. Atakula, atalala, ataoa, atazeeka."

"Atarusha?"

"Hapana."

"Basi usinianzie na dawa."

Nje waliosubiri walianza kugonga, nikawaambia bado tunasalimiana. Mmoja akacheka kwa sauti akasema hizo salamu za mahari.

"Mpe dawa kimyakimya," Nyamizi akasema. Hakunitazama. "Kitambaa kiko juu. Wewe mpe dawa, mimi nimsimamie azimeze, Ijumaa apite. Nani atajua?"

"Naweza," nilisema, na ni kweli ningeweza. Dawa ninazo kabatini. Lilinitoka kirahisi mno, na mpaka leo linanitia aibu.

Mikono ya Nyamizi, iliyoshika usukani zaidi ya nusu ya umri wake, ilikuwa imelala magotini bila kazi.

"Wale watu wa harusi," alisema. "Mama alikuwa ananipeleka nyumbani kwao kila mwaka. Nyumba kwa nyumba. Tunapiga magoti, anasema, tumekuja kuomba radhi kwa ulevi wa mume wangu. Wengine walitupa maji ya kunywa. Kuna bibi mmoja alikuwa hafungui mlango, mama anaomba radhi kwenye mlango. Majina yao nayajua yote mpaka leo." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nimechoka kuomba radhi, Kondo. Sitaki Luhende aje aombe na yeye."

"Hata ukinyamaza, mimi sitasema kitu."

"Najua. Wewe ni Mzaramo, kazi yako kuanzisha ngoma halafu ukae pembeni."

Ilikuwa dongo la haki, nikalipokea.

Aliinuka, akajinyoosha mgongo. "Sikio lisifunuliwe bado. Kile kitaa cha Luhende kikizimika akiwa peke yake hapo nje, na mimi niko humu ndani, hatanisamehe. Acha nikamwambie mwenyewe."

Nilimtazama kupitia kioo. Alikaa karibu na Luhende, bega kwa bega. Luhende akamfungulia hotipoti amwonyeshe, akaifunga tena. Nyamizi akawa anasema. Kijana akacheka kwanza, kama anavyochekaga siku zote, kisha nikaona kicheko kinamtoka usoni polepole. Alisema maneno machache. Nyamizi akamshika kichwa akamlaza begani, kijana mrefu hivyo, mbele ya marubani wote, na hakuna aliyetania.

Aliporudi, macho yalikuwa mekundu.

"Amesemaje?"

"Amesema huwa anapotea. Tangu mwaka jana. Akirudi anakuta watu wanacheka, basi na yeye anacheka, ili asiulize wanacheka nini."

*

Alikiondoa kitambaa mwenyewe. Alikikunja mara mbili kama mtu aliyefundwa, akakiweka pembeni.

"Tamko la baba mzazi," alisema. "Nalirekebisha."

"Awali: mlevi," likasema Sikio. "Rekebisha."

"Baba yangu hakuwa mlevi."

Sauti ilikatika katikati. Kitaa kikageuka njano. "Kuna mashaka katika sauti," likasema Sikio. "Rudia."

Nilitaka kukivunja kile kidude. Miaka yote alikipa uongo na kikaupokea kijani, na leo kinamdai ukweli bila machozi. Nyamizi akavuta pumzi, akasema tena, na ikakatika tena mahali palepale. Njano. "Rudia." Akaegemea meza kwa mikono miwili. Nilimpa maji, akayakataa.

Mara ya tatu alipaza sauti, akasema polepole, kama anavyotangaza kwa abiria wakati mbawa zinatikisika na hataki waogope. Naamini walimsikia mpaka barabarani.

"Baba yangu, Mihayo, hakuwa mlevi. Alikuwa na kifafa kisichoangusha, na hakuna aliyemwambia."

Kijani.

Kupitia kioo niliona kitaa cha bluu kwenye kola ya Luhende kinazimika. Alikigusa kwa kidole, akaivua beji, akaitia mfukoni. Mimi nilikuwa nawaandikia wakubwa wa marubani watafute mtu mwingine wa safari ya Nyamizi ya saa nane, kwa siku hiyo tu, na Nyamizi hakubisha. Nikatoa dawa kabatini, safari hii Sikio likiwa wazi.

Mlango ukagongwa. Luhende akachungulia, hotipoti mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Samahani kuwaingilia," alisema, kisha akamgeukia Nyamizi. "Shangazi, twende. Chakula kinapoa."